Kumwambia Mtu Abonyeze Wapi

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nimelipwa maisha yangu yote kuwaambia wenye macho watazame: tazama juu kulia, tazama chini ya jina la dereva, bonyeza hapa, usibonyeze pale. Nimestaafu juzi juzi, na nyinyi vijana mliobaki kwenye meza yangu mmenitaka niandike niliyoyaona. Haya, naandika, lakini msingojee habari za vyeo. Vyeo vilikuja vikapita, na mshahara ni siri yangu na mume wangu, na hata yeye sikumwambia wote.

Mimi ni mtoto wa muuza duka wa Mishomoroni. Nilianza kazi Changamwe nikiwa karani wa kupiga chapa, katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu za kompyuta kwa yadi za makontena. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori, na ngazi zake zilinuka dizeli asubuhi na mahamri saa nne. Programu yetu ilikuwa na kazi moja: kontena likiingia getini, karani aandike nambari yake, jina la dereva na mahali litakapowekwa, likitoka, aandike tena. Kwa maneno ni jambo jepesi. Kwa vitendo simu ya ofisi ilikuwa hainyamazi, kwa sababu makarani wa geti walikuwa wamepewa kompyuta pamoja na kitabu cha maelezo cha Kiingereza, na aliyekiandika hajapata kusimama getini wala hakuwa na nia hiyo.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya Juma Juma. Meneja wa yadi moja alipiga simu akilalamika kwamba, kwa mujibu wa kompyuta, malori yote yaliyoingia kwake tangu programu iwekwe yaliendeshwa na mtu mmoja. Nilipanda matatu kwenda kuona. Kumbe kile kitabu kilikuwa na picha ya ukurasa wa kuandikia, na penye jina la dereva mtu alikuwa ameandika "Juma Juma" ili picha isikae tupu. Makarani, kwa uaminifu kabisa, walikuwa wakiandika kama kitabu kinavyoonyesha. Niliporudi ofisini kila mtu aliwacheka makarani. Mimi sikucheka, nikawaambia wazi. Mtu amepewa kitabu akaambiwa akifuate, akakifuata. Wa kuchekwa hapo ni nani? Siku hiyo hiyo mwenye kampuni aliniambia nikiandike upya kwa Kiswahili, kwa kuwa nilikuwa na mdomo mrefu. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii.

Aliyenifundisha kuandika maelezo hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Bwana Fumo, msahihishaji wa chapa katika kiwanda kidogo cha uchapaji huko Frere Town, kilichotuchapia vitabu vyetu vya maelezo, vile vya kufungwa kwa waya mgongoni. Alikuwa mtu wa Mombasa wa asili, Kiswahili chake kimenyooka na hasira zake zimenyooka vile vile. Sikio lake moja halikusikia, kwa hiyo kila kitu alisomewa kwa sauti ya juu, na humo ndimo ilimotoka kanuni ambayo nimewasumbua nayo nyinyi nyote. Kabla ukurasa haujachapwa, anatafutwa mtu asiyejua ile kazi, anausoma kwa sauti, na kila akisoma hatua moja anaifanya. Aliyeuandika anakaa kando, mikono magotini, mdomo umefungwa.

Mara ya kwanza msomaji wangu alikuwa mtu wa mashine za kukatia karatasi. Alifika hatua ya pili akasita, akatazama kompyuta, akatazama karatasi. Sikuweza kujizuia.

"Hapo maana yake ni kwamba..."

"Nyamaa!" Bwana Fumo alipiga meza. "Utakwenda nae getini wewe? Utamkalia begani umwambie maana yake ni kadha wa kadha?"

"La, Bwana Fumo."

"Basi kama lina maana, litie kwenye karatasi. Kama halimo kwenye karatasi, halina."

Nililia njiani nikirudi nyumbani, msione haya kulia. Lakini kitabu kile kilipotoka, simu ya ofisi ilianza kupumua. Tulibishana mengi baadaye, mimi na yeye. Yeye alitaka niandike "lango", mimi niliandika "geti", kwa sababu getini hakuna mtu anayesema lango. Hakunisamehe, na kila nilipompelekea kazi mpya aliniuliza kwanza kama hilo geti langu limeshafunguliwa. Mungu amrehemu, hakuna mwalimu niliyemwogopa vile wala niliyempenda vile.

Miaka ya vitabu vya waya ilipita, ikaja miaka ya sidii, zile sahani za kutia kwenye kompyuta, ambazo makarani walizitundika kwenye malori kufukuzia ndege. Halafu ikaja tovuti. Tovuti yetu ya kwanza ya maelezo niliijenga mwenyewe kwa mkono, ukurasa mmoja mmoja, na ile orodha ya yaliyomo pembeni ilikuwa imeandikwa upya ndani ya kila ukurasa. Ukibadilisha jina la sura moja, unapita kurasa zote ukilibadilisha. Nilikuwa nikiruka moja, na hiyo niliyoiruka ndiyo mteja angeifungua. Niliipenda tovuti ile kama mtu anavyompenda mtoto mtundu, na nilichoka nayo vile vile.

Mutua alipoajiriwa nilikuwa nimeshakuwa Bi Zuhura wa ofisi nzima, yule ambaye huingii jikoni kuchemsha chai kabla hujamsalimia. Yeye alikuwa kijana wa Machakos, fundi wa tovuti, mwenye vifaa vya masikioni shingoni na haraka nyingi miguuni. Siku ya kwanza aliifungua tovuti yangu, akaitazama kwa heshima, kama watu wanavyomtazama maiti.

"Madam, hii yote uliandika na mkono?"

"Niliandika kwa miguu," nikamwambia. "Nawe shikamoo yako umeiacha Machakos?"

Alicheka, akaamkia, na tangu siku hiyo tulielewana. Yeye ndiye aliyenionyesha kile ambacho nyinyi mnakiita fremuweki, nami nilikiita kiunzi mpaka mkazoea. Kwa yule atakayesoma haya na si mtu wa kazi yetu, niseme hivi: zile sehemu ngumu za tovuti zimeshatengenezwa na wengine, wewe unaleta maneno yako. Maelezo niliyaandika kwenye faili za maandishi matupu, kiunzi kikazigeuza kuwa kurasa. Orodha ya pembeni iliandikwa mahali pamoja tu, na kila ukurasa ukaichukua hapo. Kisanduku cha onyo kilitengenezwa mara moja. Nikikihitaji nakiita kwa jina, kinakuja na rangi yake na alama yake. Kila badiliko liliwekwa pamoja na jina la aliyelifanya, na kiungo cha kumpeleka mtu ukurasa mwingine kikikatika, tovuti ilikataa kujengwa mpaka ukiunge. Ile siku tovuti ilipokataa kujengwa kwa sababu nilikosea jina la faili, Mutua alidhani nitakasirika. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimempata mtu mwingine wa kunipigia meza.

Sisemi kwamba niliinamia kila kitu. Vijana wa kazi hii wana ugonjwa wa kuhama. Kiunzi hakijakauka, wameshasikia cha jirani ni chepesi zaidi, na wanataka kubomoa. Mutua alitaka kurasa zinazoteleza zenyewe na herufi zinazoingia moja moja kama zinaona haya. Nilimwambia mtu anayesoma maelezo ana lori mbele yake linapiga honi, na dereva ametoa kichwa dirishani anamtukania mama yake. Huyo hataki kutelezeshewa kitu. Tulipunguza.

Lakini kuna jambo moja Mutua alilifanya ambalo nilimsifu kwa kila mtu. Makarani wengi walikuwa wameacha kompyuta, wanasomea maelezo kwenye simu zao wenyewe, wamesimama getini. Na getini, katikati ya makontena yaliyopangwa juu kwa juu, mtandao hauingii. Chuma kimezunguka pande zote. Ukurasa ulikuwa ukizunguka tu, haufunguki, na karani anabaki kuupiga piga kwa kidole. Mutua aliitengeneza tovuti ikawa, mtu akiifungua mara moja penye mtandao, inajihifadhi nzima ndani ya simu. Baadaye hata pasipo na mtandao itafunguka. Tuliijaribu kwenye yadi moja ndani kabisa, nyuma ya kontena, na ukurasa ukafunguka papo hapo. Makarani walimbeba Mutua juu juu. Mimi nilimletea viazi karai siku iliyofuata, na si kila mtu amekula viazi karai vyangu.

Sasa niwaeleze habari ya Kadzo, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Kadzo alikuwa karani wa geti katika yadi moja ya Changamwe, mama wa Kigiriama anayekaa Magogoni. Nilimfundisha programu yetu mwenyewe. Katika darasa zima alikuwa yeye pekee aliyeninyoshea mkono kila hatua kuuliza, "Na kama sivyo?" Walimu wengine humchukia mwanafunzi wa namna hiyo. Mimi nilimwandikia nambari yangu ya simu.

Yadi yake ilipokea pia, mara moja moja, makontena ya baridi, yale yenye friji yake ndani, ambayo yakifika lazima yachomekwe umeme upesi. Zamani programu yetu ilifanya hivi: karani akibonyeza "Pokea", fundi wa umeme wa yadi alipata taarifa hapo hapo. Baadaye wenye yadi walitaka karani aombe umeme kwa kitufe cha peke yake, kwa kuwa mengine hufika matupu na fundi anasumbuliwa bure. Wenzangu wakabadilisha programu, nami nikabadilisha ukurasa, nikausomesha kwa sauti kama ada, ukapita. Kwenye tovuti ulikuwa ukurasa mzuri, na kisanduku cha onyo chekundu juu yake.

Muda ulipita. Siku moja meneja wa yadi ile akampigia simu mkurugenzi wetu, Bwana Nassor, mtoto wa yule mwenye kampuni wa zamani. Kontena zima la parachichi zilizotoka bara kwenda kusafirishwa ng'ambo lilikaa juani bila umeme, na likafunguliwa limeoza. Karani alibonyeza "Pokea" akaishia hapo. Alipoulizwa alijibu kwamba amefanya kama maelezo yanavyosema. Meneja akafungua maelezo yetu kwenye kompyuta yake ya ofisini, akaona kisanduku chekundu kinachosema kinyume. Karani akasimamishwa kazi kwa uzembe na uongo. Yadi ilichotaka kwetu ni jibu moja la maandishi: je, maelezo yenu yalikuwa sahihi? Tukisema ndiyo, mama yule anafukuzwa.

Niliuliza jina la karani. Nilipoambiwa ni Kadzo, nilichukua mkoba wangu. Yule mwanamke anayeuliza "na kama sivyo" hawezi kuruka kisanduku chekundu.

Nilimkuta kwake Magogoni anafua, na ndoo tatu zimempangia foleni. Aliniamkia bila kuniangalia usoni.

"Bi Zuhura, kama umekuja kunisomesha, mimi nishasomeshwa na meneja mbele ya watu wote."

"Sikuja kukusomesha. Nataka wewe unisomee mimi. Simu yako iko wapi?"

"Simu ile ile. Na ukurasa ule ule. Nimewaambia, hawanisikii."

"Nisomee kwa sauti."

Alijifuta mikono kwenye leso, akachukua simu. Nilikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Kadzo akasoma: "Kontena la baridi likifika, bonyeza Pokea. Fundi wa umeme atapata taarifa bila wewe kufanya jambo jingine."

Hiyo ilikuwa sentensi yangu. Niliiandika mimi, na nilikuwa nimeifuta zamani. Nilimwomba simu nitazame kwa macho yangu. Ulikuwa ukurasa wetu, rangi yetu, jina letu juu, na kisanduku chekundu hakipo.

"Huu ukurasa, Kadzo, huwa waufunga?"

"Nifunge kwa nini? Nikifunga, kufungua tena yala bando. Mie naupunguza tu, nikiutaka naurudisha. Sote twafanya hivo."

Nilimshika mkono. "Usiufunge. Wallahi Kadzo, hata simu ikilia, usiufunge mpaka nije na mtu."

Mutua alikuja mchana huo huo. Aliishika ile simu, akaigusa hapa na pale, kisha akakaa chini sakafuni, hakutafuta hata mkeka. Alinieleza kwa sauti ndogo. Tovuti ikishajihifadhi kwenye simu, hubadilisha maelezo yake pale tu mtu anapoifunga kabisa na kuifungua upya penye mtandao. Sisi ofisini, wenye mtandao wa bure, tunafunga na kufungua kutwa. Karani wa geti hafungi, na akiwa ndani ya yadi mtandao hana. Kile kilichowekwa ili wasikwame kilikuwa kimewashika kwenye maelezo ya zamani, tena kwa utii kabisa.

"Nilifanya ndio wasiteseke, Bi Zuhura," alisema. "Aki ya Mungu, nilifanya juu yao."

"Najua. Nami nilikusifu. Sasa inuka, tuna kazi."

Kadzo alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Hakutukana, hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Kwa hivo sikusema uwongo?"

"Hukusema uwongo, mwanangu."

Ndipo akalia.

Kesho yake asubuhi niliingia kwa Bwana Nassor. Yeye ni mkubwa wangu wa kazi, lakini nimemjua tangu akija ofisini na sare ya shule, na kila siku huniamkia. Siku hiyo pia aliniamkia, nami nikamwitikia marahaba, halafu nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye kampuni angelisema.

"Bi Zuhura, wao wameuliza kama maelezo kwenye tovuti yalikuwa sahihi. Yalikuwa sahihi. Tukijibu ndiyo, si uwongo."

"Si uwongo, na si jibu."

"Tukikubali kosa, watatudai parachichi zote zile."

"Watadai. Na mama yule watamdai nini? Ameshasimamishwa, jina lake limekwisha, mtaani wasema ameozesha mali za watu. Anachongojea ni neno letu, na sisi twataka kuchagua neno litakalotuokoa sisi."

Aligeuza kalamu vidoleni. Niliona kwamba huruma peke yake haitoshi, nikamweleza lile lililoninyima usingizi zaidi.

"Mwanangu, Kadzo si peke yake. Kila yadi tunayoihudumia ina makarani wasiofunga kurasa. Sasa hivi, tukizungumza hapa, kuna simu zinazosema vile vile, na makontena ya baridi yanaingia. Utasema maelezo ni sahihi mpaka lioze la ngapi?"

Kalamu ilisimama.

"Ziko simu ngapi?"

"Hatujui. Ndiyo ubaya wenyewe."

"Wataka tufanye nini?"

"Nataka kuandika ilani juu ya tovuti yetu yenyewe, mahali ambapo makarani na mameneja wote wataiona. Na yadi ya Kadzo ijibiwe kwa ilani hiyo hiyo. Wala sitaandika nyingine."

Niliiandika hapo hapo mezani kwake. Aliisoma, akaniomba badiliko moja. Mahali nilipoandika "kosa ni letu" alitaka iandikwe "kulitokea hitilafu". Wanasheria, alisema, hupenda neno hilo.

"Hulipenda kwa sababu hitilafu haina mwenyewe," nikamwambia. "Hili lina wenyewe. Ni sisi."

Nilisimama pale nikijua kwamba akinikatalia, nitaacha kazi kabla ya siku zangu. Sikumwambia. Sikutaka anikubalie kwa kuogopa kumpoteza mpika viazi. Alifumba macho kidogo, kisha akasema, "Weka kama ilivyo, Bi Zuhura. Baba angenipiga kofi." Akainua simu kumpigia mwanasheria wake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Ilani ilisema hivi: "Maelezo ya kupokea kontena la baridi yalibadilishwa kwenye tovuti, lakini simu nyingi ziliendelea kuonyesha maelezo ya zamani kwa sababu ya jinsi tulivyoitengeneza tovuti yetu. Karani aliyeyafuata hakuzembea wala hakusema uongo. Kosa ni letu."

Kwa kuwa zile simu hazikuweza kuiona ilani hiyo, tulikwenda wenyewe. Mimi na Mutua tulipita geti kwa geti, Changamwe yote, tukiomba simu za watu, tukifunga ukurasa na kuufungua upya kwa mtandao wa simu ya Mutua. Katika geti moja tulikuta karani yuko karibu kabisa kubonyeza "Pokea" na kuishia hapo, na kontena la baridi limesimama mbele yake linatoa jasho. Mutua alirukia kile kitufe kingine mwenyewe. Baadaye aliirekebisha tovuti: siku hizi ukurasa wenyewe husema juu kabisa ni wa lini, na ukichakaa hutangaza kwamba umechakaa, na unapokaribia mtandao hujibadilisha hata kama hukuufunga. Hayo mnayajua, mnayatumia kila siku mkidhani yalikuwepo tangu zamani.

Yadi ilidai, kampuni ikalipa sehemu, na mwaka ule hatukuongezwa mshahara. Kuna wenzetu walionipita kwenye ngazi bila salamu. Wamenizoea tena. Kadzo alirudishwa getini, na meneja alimwomba radhi ofisini kwake, mlango umefungwa. Aliyetukanwa mbele ya watu ameombwa radhi mlango umefungwa. Hilo linanikera mpaka leo, nami nalisema hapa kwa kuwa sasa hakuna wa kunizuia.

Karibu na kustaafu kwangu, Mutua, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, alikuja na habari kwamba tovuti inahamia kiunzi kipya. Nilimwambia nilishangaa imechukua muda mrefu hivyo. Tulikaa kuchagua kurasa za kuhama na za kuacha, na tukaifikia ile ilani. Alisema kweli tupu: programu imeshabadilika mara nyingi, kile kitufe chenyewe hakipo tena, simu za wakati ule zimeshakufa, na wateja wapya wakiiona wanashtuka. Ukurasa ule hauna kazi. Na mimi mwenyewe ni mkali wa kufuta maneno yasiyo na kazi. Nikasema basi kabla ya kuufuta tumuulize mwenyewe. Nikampigia Kadzo, simu nikaiweka mezani ili sote tusikie.

Kadzo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina haja nao tena, Bi Zuhura," alisema. "Kazi n'nayo, na hapa getini wote wajua. Lakini mwanangu huufungua. Kule skuli wakimwambia mamako aliozesha mali za watu, hatukani, hapigani. Huomba simu ya mwalimu, akaufungua, akawasomea."

Mutua alivuta kompyuta karibu, na ukurasa ule akauhamisha wa kwanza.